Kabla ya Kusukuma, Sikiza

Gari likikataa kuwaka Mombasa, neno la kwanza kusikika ni "betri". Halitoki kinywani mwa fundi. Linatoka kwa muuza madafu, kwa kijana wa tuktuk, kwa mzee aliyekuwa akienda zake msikitini, na kwa mama anayekaanga viazi vya karai upande wa pili wa barabara ambaye hajawahi kushika usukani. Wote wanalisema kwa uhakika, na boneti bado imefungwa. Hujapata hata kujibu, wanaume wameshajipanga nyuma ya gari, viganja juu ya buti, wanangoja useme twende.

Nawapenda watu hawa, nisieleweke vibaya. Nimekaa Nairobi miaka kadhaa na najua maana ya gari kuzima mahali ambapo wenzako wanakupigia honi, wanakuzunguka na kukuacha na jua lako. Hapa kwetu hakuna atakayekupita. Lakini kwa muda mrefu nimekuwa nikiutazama wema huu ukitumika pasipo na faida, na sababu yake ni moja tu: gari la kusukumwa limeondoka, wasukumaji wamebaki.

Marehemu baba alikuwa na Peugeot 404, ile yenye gia kwenye usukani. Ikigoma alfajiri alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa sisi watoto, na watoto wa jirani, na yeyote aliyekuwa akirudi kutoka swala ya alfajiri, tuisukume mpaka mteremko uichukue. Baba alikaa ndani amewasha swichi, ametia gia ya pili, klachi amekanyaga. Gari likishika mwendo aliachia klachi ghafla, magurudumu yakaizungusha injini kwa nguvu, na 404 ikakohoa na kutuachia moshi usoni. Njia ya pili ilikuwa hendeli. Aliitoa kwenye buti, akaipitisha mbele chini ya bampa, akaizungusha injini kwa mkono wake. Alitufundisha namna ya kuishika: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vinne, usiifumbate, maana injini ikirudi nyuma ghafla hendeli inavunja kidole au kifundo cha mkono.

Majeraha hayo ndiyo yaliyowafanya watu watafute staata ya umeme. Charles Kettering, Mmarekani aliyekuwa ameshabuni mota ya kuendesha mashine za kuhesabia pesa madukani, aliona jambo ambalo wengi walilipita: mota ya kuwashia gari haina haja ya kuweza kufanya kazi kutwa. Inatakiwa itoe nguvu kubwa mno kwa sekunde chache, kisha ipumzike. Mota ndogo ikitumiwa hivyo inastahimili mzigo ambao ungeiunguza kama ingeachwa iendelee. Cadillac wakaiweka kwenye magari yao ya mwaka 1912, na hendeli ikaanza safari yake ya kwenda kuwa chuma chakavu. Nalitaja hili kwa sababu bado naona watu wanaishikilia swichi nusu dakika nzima, meno wameyauma, wanaamini gari litaona haya na kuwaka. Staata yako ni ile ile ya Kettering. Sekunde tano, kumi zikizidi, kisha iache ipoe.

Turudi kwa wasukumaji. Sheria ya Kenya hairuhusu gari kuukuu lililozidi miaka minane kuingizwa nchini, na magari mengi yanayoshuka pale Kilindini, yakitoka Japani, ni ya otomatiki: Vitz, Fielder, Premio, Demio, Note. Gari la otomatiki hulisukumi likawaka. Gia yake haishiki kwa meno na klachi ya mguu, inashika kwa shinikizo la oili, na pampu inayotoa shinikizo hilo inaendeshwa na injini yenyewe. Injini isipozunguka hakuna shinikizo, na pasipo shinikizo magurudumu na injini havijuani. Mtalisukuma kutoka Buxton mpaka Fort Jesus na litafika likiwa limezima vile vile, ila nyinyi mtakuwa mmeloa jasho. Hata yale machache ya gia za mkono, yakiwa ya siku hizi, yanataka betri iwe na pumzi kidogo ya kuendesha kompyuta na pampu ya petroli. Betri iliyokufa kabisa haiwashi gari kwa kusukumwa.

Nikiwaeleza hivi, jibu ni lile lile: "Mamaa, we tia gia, sisi twasukuma." Penye wengi hapaharibiki neno, wanasema. Gia inaharibika.

Fundi wangu wa waya yuko kwenye kichochoro cha Majengo, chini ya mwarobaini, na ana umri ambao namwita Ami bila kufikiri. Hajawahi hata siku moja kuniuliza gari lina nini. Ukimpigia simu anauliza, "Yalia vipi?" Ukibabaika, anakuambia uisogeze simu karibu na usukani, upige swichi, asikize mwenyewe. Maradhi mengi ameyajua kwa njia hiyo, huku mkono wake mwingine uko ndani ya gari la mtu mwingine.

Kimya nacho ni sauti, na alinifundisha kwamba kuna kimya cha namna mbili. Kimoja ni cha giza: unazungusha ufunguo, dashibodi haina taa hata moja, honi hailii, redio imekufa. Hapo umeme haufiki kabisa, ama betri imekwisha ama waya wake umeachia. Kingine ni kimya chenye taa. Dashibodi inang'aa, redio inaendelea na taarabu yake, feni inavuma, lakini ukifika kwenye staata hakuna kitu. Hapo betri usiisingizie. Kuna mahali njiani amri inakwama: fyuzi, rilei (ile swichi inayoendeshwa na umeme), swichi ya ufunguo iliyochakaa, au ile swichi ndogo ya gia inayohakikisha kwamba gari la otomatiki haliwaki ila likiwa kwenye P au N.

Ya mwisho hiyo nilikutana nayo mahali pabaya kuliko pote katika mji huu, juu ya feri ya Likoni. Ilikuwa Jumamosi, feri imejaa, tumezima injini kama kawaida, tunavuka kuja kisiwani. Mlango wa mbele ukashuka, umati wa miguu ukamiminika, magari ya mbele yakaanza kupanda. Nikapiga swichi. Taa zote, sauti hakuna. Nikapiga tena. Nyuma yangu kulikuwa na lori la mchanga na matatu mbili, na honi za chombo kilichozungukwa na maji zina ukali wake. Walio karibu wakaanza kusogea na mikono yao. "Betri hiyo!" Makanga wa matatu ya nyuma, shavu limejaa miraa, akaja mpaka dirishani, akatazama dashibodi wala hakutazama boneti, akasema, "Mamaa, kanyaga breki. Ikanyage. Sasa tia N, piga tena." Gari likawaka. Akagonga paa mara mbili na kurudi mlangoni kwake akining'inia.

Alivyosema "ikanyage" mara ya pili hakuwa akipoteza maneno. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilirudi nyuma likatumbukia baharini, kwenye mkondo huo wa Kilindini, kutoka kwenye feri, na mama na bintiye wakafa maji humo. Tangu hapo hakuna mtu wa Mombasa anayefanya masihara na breki juu ya feri. Nami naongeza: gari likikwama pale, hendibreki juu kwanza, mengine baadaye, hata lori la mchanga lilie namna gani.

Kosa lilikuwa kwenye swichi ya gia, mguso wa upande wa P ulikuwa umechakaa. Ami aliifungua, akaisafisha, akaifunga. Betri ile ile iliendelea na kazi.

Sauti ya tatu ni "tak-tak-tak-tak" ya haraka haraka. Hii ndiyo sauti maarufu, na hapa umati una haki kidogo. Sumaku ya staata inavuta, umeme unaporomoka kwa ule mzigo, sumaku inaachia, umeme unapanda kidogo, sumaku inavuta tena, mara nyingi kwa sekunde. Betri haina nguvu ya kutosha, au inayo lakini haipiti. Hayo mawili si mamoja, na nitarudi kwake. "Tak" moja nzito, kisha kimya, mara nyingi ni staata yenyewe: makaa yake, vile vipande vinavyopitisha umeme, yamelika mpaka hayaigusi tena sehemu inayozunguka. Ukimwona fundi anaingia chini ya gari na spana na kuigonga staata taratibu huku mwenzake akipiga swichi, si uchawi. Mtikiso unayasogeza makaa yaguse kwa mara chache zaidi, gari likawaka, mkafika gereji. Tena hapo, kabla hujakubali kuuziwa staata nzima kutoka duka la spea, uliza kama makaa peke yake yanaweza kubadilishwa. Ami anayabadilisha akiwa amekaa juu ya debe lake, anayaunga kwa risasi ya kuchomelea, na staata inaishi miaka mingine. Wapo mafundi wa kisasa hawataki kazi hiyo. Wanasema ni ya zamani. Ni ya zamani, na ni rahisi.

Halafu kuna gari linalozunguka vizuri kabisa, kwa nguvu, "nyinyinyinyi", na halishiki. Hata hapo utasikia "betri". Jamani, ni nani basi anayeizungusha hiyo injini? Hapo tafuta petroli au cheche. Washa swichi bila kupiga staata, nyamazisha redio, nyamazisha na watu: kwenye magari mengi utasikia pampu ya petroli ikivuma nyuma kwa sekunde mbili hivi. Usiposikia kitu, tazama fyuzi na rilei yake kwanza. Ukisikia, nenda kwenye plagi na koili. Na kama ni masika, Aprili au Mei, na gari limezima ukiwa umeingia kwenye maji yaliyofika usawa wa boneti, usipige staata tena hata mara moja. Maji yakiingia ndani ya silinda hayabanwi kama hewa inavyobanwa. Pistoni inapanda, haina pa kwenda, na fimbo yake inapinda. Ita gari la kukuvuta. Hilo ndilo la pekee ambalo wasukumaji wanakufaa kweli, wakutoe majini.

Kuna kipimo kimoja kisichotaka chombo chochote, na nashangaa kwa nini hakifundishwi kwenye shule za udereva. Washa taa kubwa za mbele usiku, au simama mbele ya ukuta mchana, kisha piga staata huku mtu akizitazama. Taa zikififia mpaka karibu kuzima, umeme ni mchache au njia yake imeziba. Zikibaki vile vile na staata iko kimya, umeme upo na amri ndiyo haifiki.

Sasa betri, kwa sababu nayo inakufa kweli, na kwetu inakufa mapema. Ndani yake kuna vyumba sita, kila kimoja kinatoa volti 2.1 hivi, na kwa hiyo betri iliyojaa, ikiwa imepumzika usiku kucha, inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 iko nusu. Ikishuka chini ya 12 imekwisha, japo taa ya ndani bado itawaka na kukudanganya. Gari likiwa linanguruma, altaneta, ile mashine inayozungushwa na injini kuijaza betri, inatakiwa kuipandisha hadi kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 na kitu injini ikiwa inazunguka, hata ununue betri mpya kila mwezi utarudi pale pale, kwa sababu hakuna anayeijaza. Mita ndogo ya kupimia volti inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme kwa bei isiyofika hata sehemu ndogo ya bei ya betri, na sijui kwa nini watu wenye magari ya laki nane hawana.

Vitabu vinavyokuja na magari viliandikwa kwa watu wa baridi na vinawaonya kuhusu theluji. Lakini baridi haiharibu betri, inaifichua tu: injini inakuwa nzito, na betri dhaifu inashindwa siku hiyo. Kinachoiharibu ni joto. Joto linaharakisha kemia ya ndani, linayala mabamba, linakausha maji. Mombasa, Februari na Machi, kivuli kiko kwenye nyuzi 32 au 33, na chini ya boneti kwenye foleni ya Daraja la Nyali sitaki hata kukisia. Tena hatuna asubuhi ya baridi ya kutupa onyo. Betri yetu inaendelea kuwasha injini iliyo vuguvugu mwaka mzima, imedhoofika nusu, robo, haisemi, kama mzee anayewaficha wanawe maradhi, mpaka asubuhi moja inapita bila kuaga. Ndiyo maana kila mtu anakuambia, "Jana ilikuwa nzima." Jana haikuwa nzima.

Ongeza safari zetu. Kutoka Bombolulu mpaka mjini si mbali, lakini unatembea hatua na kusimama, AC imewashwa, taa zimewashwa, feni ya rejeta inakimbia, simu mbili zinachajiwa. Injini iliyo mvivu haiizungushi altaneta vya kutosha. Unafika, unazima, jioni unarudi vile vile. Betri inatoa kuliko inavyopokea.

Lakini nilisema kukosa nguvu na nguvu kutopita si jambo moja. Staata ya gari dogo inavuta ampea 200 hivi kwa mpigo mmoja. Weka ukinzani wa omu 0.01 tu kwenye kiungo, uchafu ambao hauuoni vizuri kwa macho, na hesabu ya darasani inakuambia umepoteza volti 2. Betri ina 12.4, staata inapata kumi na kidogo, bado hujahesabu betri yenyewe inavyozama kwa mzigo. Tak-tak-tak. Sasa fikiria mji ambao upepo wake wote umetoka baharini, kaskazi ikiisha kusi inaingia, na hewa ina chumvi na unyevu mpaka vitasa vya milango vinaota kutu. Ule unga mweupe wenye kijani unaouona juu ya vichwa vya betri ni asidi na chuma vinavyokulana, na hewa yetu inausaidia. Na mbaya zaidi ni kiungo usichokiona: ule waya wa athi unaotoka upande wa hasi na kushikwa kwenye bodi na kwenye injini, chini huko, ambako maji ya barabarani yanaruka kila siku.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, shika vichwa vya betri na uvitikise. Kikicheza, umeshapata ugonjwa. Kama vimeshika, anza kufungua upande wa hasi, kisha chanya. Mwagia maji ya moto yaliyochanganywa na magadi, yale yale ya jikoni, yachemke na kutoa povu, suuza, kausha, sugua kwa brashi ya waya au msasa mpaka chuma kiwe cheupe, funga chanya kwanza, hasi mwisho, paka grisi juu. Wengine wanamwagia Coca-Cola. Inatoa uchafu, ndiyo, lakini inaacha sukari, na sukari Mombasa ni mwaliko kwa sisimizi wa mtaa mzima. Kisha fuata ule waya wa athi mpaka mwisho wake, ufanyie hivyo hivyo. Nimeona magari mangapi yamewaka hapo hapo, na mwenye gari ameshikilia hela za betri mkononi hajui azirudishe wapi.

Kuna wakati betri imekwisha kweli kweli na hakuna wa kulaumiwa ila mpira wa miguu. Tulikwenda kuhani Mikindani, mpwa wangu akabaki garini kusikiza mechi redioni, swichi imewashwa, feni inampulizia, mpaka dakika za nyongeza. Tulipotoka, tak-tak-tak. Barabara kuu iko pale pale, na mstari wa matrela yanayotoka bandarini haukatiki. Dereva mmoja wa trela alikuwa amesimama anakunywa chai. Akaona, akaja mwenyewe, akasema ana nyaya za jampa na betri mbili kubwa, atatuwasha sasa hivi. Watu wakamshukuru, nyaya zikaanza kukunjuliwa.

Mjomba akamshika mkono. "La, mwanangu. Yako ni ishirini na nne."

Trela lina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano. Ukiunganisha gari dogo na volti 24, unachoma kompyuta yake, altaneta, taa, na unaweza kuipasua betri usoni mwa mtu. Dereva yule nia yake ilikuwa safi. Katika mji wa bandari, ambako msaada wa karibu mara nyingi ni lori, hili ni jambo la kumwambia kila mtu aliye nyumbani kwako mwenye leseni. Tukangoja Probox ya mtu wa mikate.

Mjomba ndiye aliyeunganisha, na aliunganisha inavyotakiwa: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili kwenye chanya ya Probox, nyeusi kwenye hasi ya Probox, na ncha ya mwisho hakuitia kwenye betri yetu, aliibana kwenye chuma kitupu cha injini, mbali kidogo. Betri inapochajiwa inatoa haidrojeni, na cheche ile ya mwisho hutaki iruke juu yake. Kwa ajili hiyo hiyo alimfukuza jamaa mmoja aliyekuja kuchungulia na sigara mdomoni. "Nenda ukavutie kule." Probox ikaachwa ingurume dakika kadhaa kabla hatujapiga, jambo ambalo umati uliona ni kupoteza muda. Likawaka. Nyumbani niliiweka betri kwenye chaja usiku kucha, kwa sababu safari ya Mikindani mpaka Kisauni haijazi betri iliyokauka, hata useme nini.

Na ilikuwa Mikindani hiyo hiyo. Sikuweza kusimama pale, watu wamezunguka boneti, sauti tatu nne zikinishauri "mama, tupa hiyo, nunua mpya," nisikumbuke mtaa ulio karibu, Owino Uhuru. Betri ya gari, zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi, na risasi ina soko. Tangu 2007 mpaka 2014 kulikuwa na kiwanda pale kilichoyeyusha betri kuukuu kutoa madini hayo, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Moshi na maji yake viliingia kwenye visima, kwenye mabati, kwenye miili ya watoto. Phyllis Omido aliajiriwa pale, mtoto wake mchanga akaugua, vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu, naye akaacha kazi na kuanza kupiga kelele ambazo kwa miaka hazikumpa ila kukamatwa na vitisho. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 mahakama hapa Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kisha zikafuata rufaa.

Kwa hiyo mtu anaponiambia nunua mpya kwa wepesi ule, swali langu ni: kuukuu inakwenda wapi? Muuza duka anaipokea, anakupunguzia bei kidogo, anaitupa nyuma ya duka na nyingine, na kutoka hapo hujui. Betri ikifa, imekufa, na gari halitembei kwa huruma. Naibadilisha, naidai risiti, naipeleka kuukuu kwa muuzaji anayeweza kuniambia inapelekwa wapi, na si kwa mkokoteni wa vyuma chakavu unaopita mlangoni. Lakini betri nzima iliyosingiziwa, ikatolewa kwa sababu ya kiungo kimoja chenye chumvi, hiyo inaniuma. Ukienda kwenye duka lolote la betri mjini na mita yako, muombe muuzaji akuruhusu uzipime zile "mbovu" zilizorundikwa. Mimi nimeruhusiwa. Ziko zinazosoma 12.5.

Juzi jirani wa ghorofa ya juu aligonga mlango baada ya isha, ana safari ya Malindi alfajiri, gari limegoma, je, nina nyaya za jampa? Nikashuka na nyaya na mita. Chini kulikuwa na watu sita, wawili wameshavua mashati. Nikawaomba wanyamaze, nikamwambia apige. Injini ikazunguka kwa nguvu, nyinyinyinyi, haikushika. Nikampa mita apime mwenyewe: 12.6. "Una mafuta?" Akasema mshale uko robo, tena umekuwa robo tangu Jumatatu, gari la ajabu, halili mafuta. Mmoja wa waliovua mashati alichukua jerikeni na bodaboda akaenda kituo cha petroli. Waliobaki waliuliza kama bado tunataka kusukuma.